Maji ya Kiapo cha Pili

SEHEMU YA KUMI NA NNE

Bakuli lilikuwa limefika midomoni. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua wengine mmenitukana kwa hilo. Nimesikia. Haya, tuendelee.

Chao Oudomsin (Chao ndivyo tunavyomwita mtu wa ukoo wa kifalme), mwanamfalme wetu wa Thasao, amepiga magoti katika ua wa hekalu. Bakuli la fedha lipo mikononi, maji ya kiapo yanamlowesha masharubu. Mbele yake yuko Kapteni Delbosc, Mfaransa, amekalia kiti peke yake huku sote tuko chini kwenye mikeka, na buti zake amezielekeza kwenye sanamu ya Buddha. Hakuna aliyemwambia azigeuze. Mtu ambaye hakufunzwa na mama yake hafunzwi na sisi.

Nyuma ya Chao wamekaa wakuu wa vijiji arobaini, kila mmoja na kikombe chake, wakingoja. Akinywa yeye, watakunywa wote. Wakinywa wote watakuwa wameapa kuitii Ufaransa, na hakuna kijiji kitakachovusha tena wali kuwapelekea vijana wetu walioko ng'ambo ya mto Mekong na bunduki zao mbovu. Mdogo wangu wa kiume ni mmoja wa vijana hao. Kwa hiyo leo msinitafutie adabu.

Mimi nilikuwepo. Nilikaa nyuma na wanawake, mimi muuza samaki wa kuvundika, na wenzangu walikuwa wamenisogeza upande wa chini ya upepo.

Sasa, kilichokuwa kinatukera ni hiki. Oktoba iliyopita, Wafaransa walipokuwa hawapo, mwanamfalme huyuhuyu alipiga magoti katika ua huuhuu, akanywa maji yaliyochovywa upanga wa babu yake, akaapa kwamba nchi yetu ya Lao itakuwa huru na hatamtumikia mgeni tena. Wakuu arobaini wakanywa baada yake. Na kwetu hata mtoto anajua: mtu akinywa viapo viwili kwa mabwana wawili, upanga ule humrudia. Haoni mvua za mwaka unaofuata.

Leo Mei, mvua ziko mlangoni, naye kashika bakuli la pili.

Akalishusha.

"Mdogo wangu," akasema, "upanga uliochovywa humu ni upi?"

Mdogo wake ni Chao Khamtan. Baba mmoja, mama mbalimbali, na aibu hakuna upande wowote. Huyu ndiye mkalimani wa Kapteni, ndiye mshika mwavuli wake, na siku ile alivaa suti nyeupe iliyoshonwa Saigoni na kumbana makwapani.

"Kunywa, kaka. Watu wanaungua jua."

"Nimeuliza upanga."

Kapteni akauliza wanasema nini. Khamtan akamjibu kwa Kifaransa. Mwalimu wa shule aliyekaa karibu nasi akatunong'oneza: "Kamwambia Chao anashukuru kwa heshima aliyopewa."

Hapo mzee Xieng Dy, mkuu wa kijiji cha Naxai, akainua mkono. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, tambuu haitoki shavuni.

"Mimi ni mtu wa shamba," akasema. "Nisaidieni. Oktoba nilikunywa. Leo nanywa tena. Na tumbo ninalo moja."

Wakuu wakaguna. Khamtan akatabasamu. Alikuwa anangoja swali hilo tangu asubuhi.

"Tumbo lako liko salama, mzee wangu. Oktoba hukunywa kiapo. Ulikunywa maji ya kisima."

"Maji ya kisima yapi?"

"Siku mbili kabla ya kiapo chenu, kaka yangu alimwagiza fundi wa chuma amtengenezee upanga wa bandia. Ule wa bandia ndio uliochovywa. Wa babu aliuficha sandukuni, chini ya nguo zake za hariri. Sanduku hilo nimelifungua mimi kwa mkono wangu." Akanyoosha kidole. "Na wa babu ni huu hapa."

Upanga ulikuwa umelala mapajani mwa Thit Bounleua, mtunza upanga. Tunamwita Thit kwa kuwa aliwahi kuwa mtawa. Yeye alikuwa anatazama chini tu.

"Mwongo," mtu akasema nyuma.

"Muulizeni mwenyewe."

Tukamtazama Chao Oudomsin. Nilikuwa naomba akasirike. Nilikuwa naomba asimame ampige mdogo wake kofi hadi suti ipasuke. Akabaki amepiga magoti, anaangalia bakuli.

"Ni kweli niliagiza," akasema.

"Kwa nini, Chao?" Xieng Dy akauliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Niliogopa wangerudi."

Basi. Hiyo ndiyo damu ya wafalme tuliyoiinamia hadi migongo ikapinda. Tulimfuata, tukampa watoto wetu, kumbe mwenzetu alikuwa ameacha mlango wa nyuma wazi. Ndumilakuwili wa sokoni nawajua, nawauzia samaki kila siku. Lakini hao angalau hawavai dhahabu.

Xieng Dy akatema tambuu chini, nyekundu, karibu kabisa na goti la mwanamfalme.

"Mwanangu wa pili alikufa Machi, pale mtoni," akasema. "Alikufa kwa ajili ya kiapo kile. Kwa hiyo alikufa kwa maji ya kisima?"

Chao akainamisha kichwa.

"Mbwa wangu ana kiapo kuliko huyu," nikasema, na si kwa sauti ndogo. Wenzangu wakanifinya.

"Wewe, nyamaza, tutapigwa."

"Nipigwe. Nimesema uongo?"

Khamtan akapiga makofi mara mbili kuwanyamazisha watu. "Basi, wazee wangu, mmesikia. Oktoba haikuwa kitu. Hamvunji chochote. Kunyweni mrudi nyumbani mkale."

Na hapa moyo wangu ulishuka, kwa sababu alikuwa amewashika pabaya. Mkuu wa kijiji cha mbele kabisa akatazama kikombe chake, akamtazama jirani yake. Jirani akainua mabega. Kama cha kwanza hakikuwa kiapo, cha pili kina kosa gani? Kikombe kimoja kikainuka. Kikafuata kingine. Nikamwona mdogo wangu kule ng'ambo, anangoja kikapu ambacho hakitakuja.

Ndipo Thit Bounleua akakohoa.

"Naomba ruhusa," akasema.

"Thit, kazi yako ni kuchovya," Khamtan akamwambia.

"Ndiyo, Chao. Nachovya mwaka wa thelathini na moja huu. Ndiyo maana naomba ruhusa."

"Sema haraka."

Mzee akamgeukia Chao Oudomsin, si Khamtan. "Chao, Oktoba uliniagiza nichovye ule wa fundi."

"Nilikuagiza."

"Nikaitikia. Mimi nakuitikia tangu ukiwa mdogo. Ulipokuwa na miaka sita uliniagiza nikakuletee mwezi, nikaitikia vilevile."

Watu wawili watatu wakacheka. Chao akainua kichwa taratibu.

"Unasema nini, Thit?"

"Nasema mwezi sikuleta, na upanga sikubadilisha. Oktoba nilichovya wa babu yako. Ule wa fundi niliulaza sandukuni chini ya hariri zako, kama unavyomlaza mtoto." Akaupapasa upanga uliokuwa mapajani. "Na ndio huu."

Vikombe vilivyoinuliwa vikashuka. Hata watawa waliokuwa ndani ya hekalu wakasogea mlangoni.

Khamtan akacheka kicheko cha puani. "Mzee amezeeka. Jua limemwingia."

"Fungua kitambaa cha mpini, Chao Khamtan. Fundi alipewa siku mbili tu na fedha ya kutengenezea pete hakuwa nayo. Akatumia alichokuwa nacho."

Khamtan hakutaka kufungua. Lakini Kapteni alikuwa amechoka kukaa bila kuelewa, na watu wa aina yake wakichoka hunyakua. Akaunyakua upanga mapajani mwa mzee, akavuta kitambaa chekundu, kikafunguka mzunguko kwa mzunguko hadi mwisho.

Chini ya kitambaa, mahali pa pete ya fedha ya wafalme wetu, palikuwa na bati. Bati la kopo la maziwa mazito, yaleyale wanayoletewa kwa meli kutoka kwao. Picha ya ng'ombe ilikuwa bado inaonekana nusu. Maandishi pia. Kapteni akayasoma mwenyewe, midomo ikitembea, na kwa mara ya kwanza tangu afike Thasao hakuhitaji mkalimani.

Aliyecheka wa kwanza ni mimi. Sijutii. Kisha wanawake, kisha wakuu, kisha mtawa mmoja mzee akaficha uso kwa upepeo wake huku mabega yakitikisika. Ufaransa ilikuja kutuapisha kwa kopo la maziwa.

Chao Oudomsin peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo Oktoba nilikunywa," akasema.

"Ulikunywa, Chao. Barabara. Sote tulikunywa."

"Na ulijua miezi saba yote hii. Nilipowaandikia hawa barua ya kuomba radhi, ulijua. Juzi nilipokula nao bata mezani kwao, ulikuwa umesimama nyuma yangu, na ulijua nimebeba nini tumboni."

"Nilijua. Nilikuwa nakuombea kila jioni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekimbia, Chao."

Kuna watu wanaojitupa majini wenyewe, na kuna wanaosukumwa. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, ndivyo wasemavyo, lakini huyu wetu nguo alivuliwa na mtumishi wake. Lilikuwa jambo la kuchekesha, ila nilipomwona uso wake sikuweza tena kucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyegundua kwamba kwa muda wote huo amekuwa bora kuliko alivyokusudia, na hajui akae nao vipi ubora huo.

Akamgeukia Xieng Dy.

"Mzee wangu, mwanao aliitwa nani?"

Mzee alitafuna tambuu kwanza. "Somchit."

Chao akainamisha bakuli. Hakulitupa. Aliyamimina maji ardhini polepole, uzi mwembamba usiokatika, vile tunavyowamiminia wafu wetu ili mema yawafikie.

"Ya Somchit," akasema.

Xieng Dy akamimina chake. Kisha jirani yake. Kisha vyote arobaini, kimoja baada ya kingine, na ardhi ya Mei ikayanywa yote papo hapo. Khamtan hakutafsiri, wala Kapteni hakumwomba atafsiri.

Msidhani nimemsamehe. Mtu aliyesukumwa mtoni si mwogeleaji. Lakini nilisema nitawasimulia yaliyotokea, na hayo ndiyo yaliyotokea.

Askari wa Ufaransa wakamfunga Chao mikono nyuma. Kapteni alikuwa mwekundu hadi masikioni, na mtu mwingine angefikiri mchezo umekwisha. Khamtan hakufikiri hivyo. Yule akianguka kwenye choo hutoka na samaki mdomoni. Akamwinamia Kapteni sikioni, na mwalimu wetu akatega sikio.

"Anamwambia nini?" nikamuuliza.

"Anamwambia ukweli," mwalimu akasema, uso umembadilika. "Kwamba upanga unaofunga kiapo ndio unaokifungua. Wakiupata wa kweli, cha Oktoba kitafunguliwa mbele ya wakuu, wataapishwa upya, na hakuna atakayekuwa na kisingizio."

Ni kweli. Ndivyo ilivyo desturi, na ni mmoja wetu tu angeweza kumwambia. Mfaransa peke yake angetafuta miaka mia asijue anatafuta nini.

Kapteni akachomoa bastola. Kwanza akaiweka shingoni mwa Thit.

"Anauliza, upanga wa kweli uko wapi?" Khamtan akatafsiri, sasa vizuri kabisa, bila kuruka neno.

"Thit, usiseme," akasema Chao Oudomsin.

"Naitikia, Chao. Safari hii naitikia kweli."

Tukakaa hivyo. Jua likapanda. Mtoto mmoja akalia, akapewa ziwa. Nikaona mzee Thit hamtazami Kapteni wala bastola. Alikuwa anatazama kivuli cha nguzo ya hekalu kikifupika juu ya matofali.

Ili tusizimie, mwenzangu wa kushoto akaninong'oneza: "Nang Phaivanh mbona simwoni? Mke wa mkalimani angekaa mbele pale na mwavuli."

"Labda kaacha kikapu cha wali wazi," nikamjibu, na tukabana vicheko. Mzaha wa wanawake huo. Kwetu kikapu cha wali hufunikwa kila baada ya kula. Mke akikiacha wazi maana yake ni moja: ndoa imekwisha, nami sirudi. Nang Phaivanh, mke mpole kama yule, angethubutu wapi.

Kapteni akaihamisha bastola. Akaiweka kwenye paji la uso la mwanamfalme, akasema maneno machache.

"Anahesabu hadi kumi," Khamtan akasema. Sauti yake ilikwaruza kidogo. Ni ndugu yake, hata hivyo. Lakini hakusema zaidi ya hapo, na ile suti akaendelea kuivaa.

Kapteni alipofika saba, Thit akatazama kivuli mara ya mwisho.

"Nitasema," akasema.

"Thit," Chao akamwita.

"Niache, Chao. Nimehesabu na mimi." Akamgeukia Khamtan. "Upanga uko kwako."

"Kwangu wapi?"

"Chini ya godoro lako. Miezi saba unaulalia. Ni nyumba gani nyingine askari hawa wasingeipekua?"

Khamtan akawa mweupe kuliko suti. "Nani aliuweka?"

"Kitanda chako anatandika nani?"

Jamani, sijawahi kuona watu wakikimbia vile. Khamtan mbele, Kapteni na askari sita nyuma yake, na nyuma yao sisi. Bastola ama si bastola, nani angekosa? Nyumba yake iko ukingoni mwa mto, juu ya nguzo, na mimi kwa vile nina viwiko vya sokoni nilifika kwenye ngazi kabla ya wengine. Niliona kila kitu kupitia mlango wazi.

Godoro lilikuwa limepasuliwa katikati. Sufi imetapakaa sakafuni. Mle ndani palikuwa na alama ndefu, nyembamba, ya kitu kilichokaa muda mrefu. Kitu chenyewe hakikuwepo.

Kapteni akapiga teke godoro, akapiga teke sanduku, akatukana. Lakini Khamtan hakuwa anatazama godoro. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho kwenye mkeka wa kulia.

Kikapu cha wali kilikuwa pale mkekani. Wazi. Kifuniko kimewekwa pembeni vizuri, kimenyooshwa, ili mtu asije akasema ni bahati mbaya.

Sikucheka. Nilitaka, nikashindwa. Uso wa mwanamume akisoma barua ya namna ile si wa kuchekwa, hata uwe wa Khamtan.

Na juu ya bega lake, kupitia dirishani, niliuona mto. Mei maji ni machache, kisiwa cha mchanga kimejitokeza katikati, na mtumbwi ukitaka kuvuka sharti ukizunguke. Thit alikuwa amehesabu kivuli, mchanga akausahau. Mtumbwi ulikuwa ndiyo kwanza unazunguka. Mwanamke mmoja anapiga kasia, na miguuni pake kitu kirefu kimefungwa kwenye sketi ya hariri. Chini ya nyumba, ukingoni, askari wawili walikaa na bunduki ya rashasha imeelekea mtoni, wanavuta sigara, wakingoja amri ya mtu yeyote.

Kapteni alikuwa ameupa mto mgongo. Lakini si mjinga yule. Aliona mkalimani wake ameduwaa mbele ya kikapu, akajua kikapu kimesema neno.

Akakionyesha kwa mdomo wa bastola. Akauliza. Hata mimi nisiye na Kifaransa nilielewa: hii maana yake nini?

Miaka minane Khamtan amewatafsiria. Barua zetu, minong'ono yetu, siri za desturi zetu, hajawahi kukosa neno. Sasa neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa la mkewe.

Akainama. Akaokota kifuniko, akakifunika kikapu kwa mikono miwili, taratibu, hadi kikakaa sawasawa.

"Si kitu," akamwambia, na akayarudia kwa Kilao, sijui kwa ajili ya nani. "Ni wali tu."

Mdomo wake ulidanganya vizuri. Mara ya kwanza maishani ulidanganya kwa ajili ya mtu mwingine. Lakini macho yake, mpumbavu yule, yakaenda dirishani, na macho ya Kapteni yakayafuata.